Bahasha na Baraka ya Siku Moja

Bunia, mtaa wa Ngezi

Mama yangu,

Jambo yako, na jambo ya wote wanaolala chini ya paa lako. Umeamkaje? Mgongo bado unakukaza asubuhi? Na macho, Mama: jicho la kushoto bado linauona mlango, au sasa unautafuta kwa mkono? Najua jibu litakawia kunifikia, lakini sijui kuanza barua bila kukuuliza. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, ila nakula, na nina mahali pa kulala.

Kambale, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, nakujua. Utasoma mistari mitatu na kuruka miwili ili uwahi mpira. Leo usiruke. Ukifika mahali unapoona aibu kusoma kwa sauti, soma vilevile.

Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ningelia na ungedhani nimepatwa na jambo la vita. Si la vita. Mama, umeniuliza mara tatu mshahara wangu wa mwisho umefikia wapi, na mara tatu nimekujibu kwamba bado kidogo. Nilikudanganya. Mshahara ule hautakuja. Niliuacha mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mkaguzi wa kazi. Najua ulikuwa pesa ya operesheni yako. Ndiyo sababu naandika, nikueleze nilivyofanya, kisha unihukumu wewe.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimepata kazi Rwambuzi, mtaa mwingine wa hapa Bunia, ya kumtunza mama mzee. Yule bibi kizee wote walimwita Koko Mwamini. Maisha yake yote aliuza vitenge sokoni, Mwislamu wa kusali sala zote, mwenye ulimi mkali na mkono wa kutoa. Mtoto wake wa kwanza, Papa Ramazani, ndiye aliyeniajiri. Yeye hununua dhahabu huko kwenye machimbo, kwa hiyo nyumbani alifika mara moja kwa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka. Tulipatana kwa mdomo: nitamwogesha mama yake, nitampikia, nitalala chumba kimoja naye. Hatukuandika karatasi. Nani angeandika karatasi na mtu anayekuita "mutoto yangu" na kukupa kiti kabla hujakiomba?

Mwaka wa kwanza ulikuwa mwema. Mwaka wa pili Koko alianza kupotea. Nasema kupotea, lakini alikuwa pale pale kitandani. Siku moja aliniuliza mimi ni nani. Kesho yake alijua kwamba aliniuliza, akalia, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Aliniambia, "Kavira, minaanza kusahau watu. Usiwaambie. Batoto yangu bakijua, batanihurumia, na ile huruma mi siiwezi. Mutu akiingia, weye unisemee jina yake ku sikio."

Nikamwahidi. Nilidhani ni kosa dogo, Mama, tena nilidhani ni jambo la heshima.

Tangu siku ile hiyo ikawa kazi yangu kubwa kuliko kuogesha na kupika. Nilikaa nyuma ya mto wake, karibu na dirisha, kitana mkononi. Mlango wa kiua ukilia, nilichungulia, kisha nikajifanya namfunga kitambaa cha kichwa. "Huyu ni Zaina, binti yako wa mwisho. Ana mtoto mgonjwa, muulize." Koko naye anainua uso: "Zaina, mutoto ameamukaje?" Zaina anafurahi, anakwenda kuwaambia wengine kwamba mama yao ana akili kama za msichana. Tulikuwa wajanja sana, mimi na Koko. Wageni wakiondoka tulicheka, mpaka ile siku nilipoona anacheka kwa sababu mimi nacheka, hajui tena tunachekea nini.

Mwishoni hakujua kitu kabisa. Alikuwa akitoa vitu dirishani kwa kila aliyepita njiani: kijiko, sukari, sapatu yake moja. Wapita njia walishukuru na kwenda zao, na mimi nilikimbia nyuma yao kuviomba. Kitu kimoja tu hakikupotea kwake, kurudia. Ukimwambia neno sikioni, alilitoa mdomoni vizuri, kwa sauti yake ya zamani ya sokoni. Mtu wa nje asingejua.

Basi katika miezi hiyo, machimbo yalimsumbua Papa Ramazani. Aliniambia nimvumilie, atanipa ya miezi yote pamoja. Nilivumilia. Ungeniona nilivyokuwa najigamba moyoni: pesa ikiwa moja moja huliwa, ikija pamoja itamfikisha Mama kwa daktari wa macho. Nilikuwa nimeshaipanga yote, Mama. Hata kitambaa cha kukuvalisha siku ya kutoka hospitali nilikuwa nimekichagua.

Koko alikufa siku ya Alhamisi, taratibu, mkono wake ndani ya wangu. Nilichota maji ya kumwoshea na kuyapasha moto. Wanawake wa msikitini waliyapokea mlangoni, wakaniambia kwa upole ningoje nje kwa kuwa mimi si wa dini yao. Nilingoja nje. Kabla ya kumtoa, mjomba wao alisimama uani akauliza mbele ya watu wote, kama desturi yao ilivyo: kama kuna mtu anayemdai marehemu, ajitokeze, familia itamlipia, asilale kaburini na deni. Watu walinyamaza. Mimi pia. Nilijua ninayemdai si yeye, ni mtoto wake, na yule mtoto alikuwa analia mbele yangu kamasi zikimtoka. Nani ana uso wa kudai saa ile?

Matanga yalipokwisha nilimwendea Papa Ramazani. Nilimwambia kwa heshima kwamba sasa nataka kurudi Butembo kumwona mama yangu, kwa hiyo naomba ile yangu ya mwisho. Aliniangalia kama hakusikia. "Mama hakukupatia?" Nikasema hakunipa kitu. Akasema siku aliyokuja mara ya mwisho, kabla mama yake hajafa, alimwekea Koko bahasha mkononi, yenye mshahara wangu wote, akamwambia hii ni ya Kavira. Ndivyo walivyolelewa wote katika nyumba ile. Mtoto mwanamume hampi mtumishi wa mama yake pesa akimruka mama mwenyewe. Pesa hupita mkononi mwa mama kwanza, mama ndiye anayelipa, ili heshima ya nyumba ibaki kwake.

Mama, niliikumbuka siku ile. Aliniambia niwapishe kidogo, nikatoka nje kuanika nguo. Niliporudi Koko alikuwa peke yake, mikono mitupu, dirisha wazi. Sikujua kulikuwa na bahasha. Baadaye nilipekua godoro, sanduku, hata ndani ya sufuria. Nini kilipita dirishani siku ile, na nani alipita njiani akakipokea, Mungu peke yake anajua.

Ningemwambia pale pale kwamba mama yake hakuwa na akili tena ya kushika pesa. Lakini nilikuwa nimeahidi, na kaburi lilikuwa bado bichi. Nikasema tu, "Hakunipa, Papa." Naye uso ukambadilika. "Mama yangu hakula jasho ya mutu ata siku moja. Tuliuliza mbele ya bantu bote, ulinyamaza. Leo njo unakumbuka?" Akafungua mlango wa kiua akasimama pembeni yake, na mimi nikatoka na mfuko wangu.

Alinipokea Mama Furaha, yule mama wa kwetu anayeuza maharage hapa Ngezi. Nililala kwake majuma kadhaa bila kusema. Halafu ikaja habari yako, kwamba daktari amesema ni presha ya macho, na kwamba operesheni haitarudisha kilichopotea, itaokoa tu kilichobaki, na kilichobaki hakingoji. Asubuhi ile nilimweleza Mama Furaha yote, hata habari ya kunong'ona. Alipiga makofi kwa mshangao. Siku ile ile alinishika mkono tukaenda kwa mkaguzi wa kazi.

Mkaguzi ni mama mmoja mwenye miwani, hana maneno mengi. Alituma wito. Mara ya kwanza Papa Ramazani hakufika, alikuwa machimboni. Mara ya pili alikuja, amevaa kanzu nyeupe, akanisalimu vizuri, akauliza kama nimekula. Hapo ndipo nilipopata shida, Mama. Mtu mbaya ni rahisi kumshitaki.

Mkaguzi aliuliza, akajibu bila kuficha: kweli nilifanya kazi, kweli alikuwa na deni langu, kweli hakunipa mimi mkononi. Alimpa mama yake.

"Na weye Kavira," mkaguzi akasema, "ulipokea ao haukupokea?"

"Sikupokea."

"Basi unasema marehemu alikula feza yako?"

"Hapana, Mama. Koko hakula. Koko hakukuwa na akili ya feza tena. Alikuwa amesahau vitu vyote."

Papa Ramazani akainuka kitini. "Uongo! Mama yangu alinijua mpaka mwisho. Alikuwa ananiita jina. Alikuwa anauliza habari ya muke yangu, ya batoto yangu, moja kwa moja!"

Mama, nikamwambia. Nilimweleza kitana, kitambaa cha kichwa, mto, maneno ya sikioni. Nilimweleza kwamba Koko ndiye aliyeniomba, na kwamba nilimwahidi. Nilisema nikiangalia sakafu. Nilipoinua macho alikuwa ameketi tena, amezeeka. Mkaguzi ameacha kuandika. Sauti ya Papa Ramazani ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyeulizwa nani amevunja chungu.

"Kavira. Ata ile baraka?"

Nikueleze baraka gani. Siku ile ya bahasha, kabla hajanitoa nje, alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia mama yake kwamba njia ya machimbo imeharibika, watu wanauawa, ambariki kabla hajaondoka. Koko alimwangalia tu. Alimwangalia kama unavyomwangalia mtu wa njiani. Nikaona uso wa yule baba unaanza kuogopa, nikainama haraka kufunga kitambaa. Jina nililijua, lakini baraka ya mama kwa mtoto wake ningeitoa wapi? Sikuwa na nyingine ila ile uliyonipa wewe, Mama, asubuhi nilipoondoka Butembo, ulipokuwa umeshika mfuko wangu hutaki kuuachia. Nikamnong'oneza hiyo, kipande kwa kipande. Koko akaitoa kwa sauti yake nzuri: "Nenda, mutoto yangu. Sina kinyongo na weye. Maziwa yangu hayakudai kitu." Na Papa Ramazani akaweka kichwa chake kifuani pa mama yake, akalia. Ndiyo maneno ya mwisho aliyoyapata kwake. Aliporudi alimkuta ameshafunikwa sanda.

Sasa aliniuliza kama yale nayo yalikuwa yangu.

Mkaguzi alikuwa ananiangalia. Nilijua, Mama. Usidhani sikujua. Siku ya baraka ndiyo siku ya bahasha. Nikisema baraka ilitoka kwangu, pesa imepatikana, kwa sababu mtu asiyejua mtoto wake hawezi kupokea mshahara wa mtu. Nikisema baraka ilikuwa ya Koko, basi siku ile Koko alikuwa na akili zake, na bahasha ilifika mahali pake. Nilikuona wewe umekaa mlangoni, umegeuza kichwa upande ili utumie lile jicho la kushoto. Nakuapia nilikuona. Nikafungua mdomo niseme kweli.

Nikasema, "Hapana, Papa. Ile ilikuwa yake mwenyewe."

Alifunika uso kwa mikono miwili, akasema "Alhamdulillahi" mara nyingi. Mkaguzi alingoja atulie. Kisha akaniuliza polepole sana, kama mtu anayekupa nafasi ya kukimbia, "Ile siku ya baraka njo ile siku ya bahasha?"

"Ndiyo."

"Na ile siku alikuwa na akili yake?"

"Ndiyo, Mama."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alijua. Lakini anaandika kinachosemwa, na nilichosema ndicho alichoandika. Nikatia sahihi, dosie, lile faili la mashitaka yangu, ikafungwa.

Nje, Papa Ramazani alinifuata mpaka barabarani. Macho yake yalikuwa mekundu na mazuri. Aliniambia, "Kavira, ile feza nimekusamehe. Mama alikupenda, na njaa inamufundisha mutu vitu. Lakini usirudie tena ku nyumba yetu." Alidhani nilikula bahasha kisha nikaja kudai mara ya pili. Alinisamehe wizi, Mama. Nami nikamjibu, "Aksanti, Papa," kwa sababu sikuwa na jibu jingine ambalo lingemwachia ile baraka.

Mama Furaha alikuwa ananingojea kwenye kona. Nilipomweleza alirusha kitambaa chake chini. "Weye uko mujinga, Kavira! Mujinga ya mwisho! Baraka ya uongo umemupatia yeye, na macho ya kweli ya mama yako umeyaacha mule mu biro ya mukaguzi!" Alinisema mpaka nyumbani, akanipa chakula, akaendelea kunisema nikiwa natafuna. Ana haki. Kila neno lake nimejiambia mwenyewe kabla yake.

Saa nyingine sijutii. Namwona yule mwanamume alivyoshikilia kichwa chake pale mezani, nasema, ningefanya nini? Saa nyingine najuta. Nilimtunza mama wa mtu miaka miwili, nikamgeuza upande huu na upande ule, nikamkata kucha. Zako hukatwa na Kambale, naye hajui kukata kucha. Nilikuambia naenda kutafuta. Nilitafuta, nikapata, nikatoa. Na sikukuuliza, nawe ndiye mwenye macho. Hilo ndilo linalonivunja moyo, sikukuuliza. Naomba unisamehe. Ukishindwa, nitaelewa, lakini naomba.

Nisalimie shangazi, yule mkubwa wetu wa maombi, mwambie asiniombee pesa tena, aniombee uso wa kukukabili. Msalimie baba mdogo fundi viatu, na mke wake aliyenikopesha nauli ya kuja huku. Nitamlipa, asinitaje vibaya. Mwambie dada yangu aliyeolewa kule mlimani kwamba nguo za mtoto wake nilizoahidi hazipo. Kambale, asante kwa kusoma mpaka hapa. Kama umelia, jifute, Mama asikie sauti yako ikiwa sawa.

Mama, nilikuwa nimepanga kubaki. Mama Furaha angenipa meza ya kuuzia, labda baada ya mwaka ningekusanya tena. Kisha nikahesabu vizuri: nikikaa mwaka nitakuja na pesa ya daktari, na jicho halitakuwa na kitu cha kuokoa. Nikija sasa nitakuja na mfuko mmoja na deni. Daktari tutamtafutia njia nikiwa hapo, nitafua nguo za watu, nitabeba maji, nitapiga magoti kanisani. Tukiikosa, tumeikosa.

Nakuja na gari la maharage la Mama Furaha, njia ikiruhusu. Nimekuwa mweusi zaidi, nina kovu dogo juu ya nyusi la moto wa kuchemshia maji, na nimeanza kufanana nawe, watu wa kwetu huku wanasema hivyo. Weka kiti mlangoni, upande wa mwanga, upande wa jicho la kushoto. Usiniulize nimeleta nini. Niangalie tu, Mama, uniangalie mpaka utosheke.

Mimi, binti yako,
Kavira